Kabla ya kujaza fomu ya udaktari, keti kwanza na daktari

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa, kliniki yangu hapa Muyeye, Malindi, hupata wageni wa namna ya pekee. Wageni hawa hawaumwi. Ni wazazi waliovalia vizuri, kila mmoja amefuatana na mwanawe, na mkononi wana karatasi ya matokeo iliyokunjwa na kukunjuliwa hata imeanza kukatika kwenye mikunjo. Huketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, na zamu yao ikifika maneno huwa yale yale: "Daktari, huyu mwanangu amepita. Anataka kuwa kama wewe."

Mwaka uliopita alinijia mama mmoja muuza samaki pamoja na bintiye. Binti alikuwa na alama nzuri sana, na mama alikuwa tayari kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe ili karo isije ikakosekana. Nikamwuliza yule binti swali ninalowauliza wote: "Mwanangu, umewahi kukaa na daktari akiwa kazini, ukaona afanyavyo tangu asubuhi hadi jioni?" Akamtazama mamake. Hajawahi. Alilazwa siku mbili kwa malaria akiwa na umri wa miaka 9, na mengine yote aliyoyajua kuhusu udaktari aliyaona kwenye televisheni, ambako mgonjwa hupona kabla ya matangazo ya biashara.

Ndugu msomaji, mtu akienda kununua mbuzi humshika mgongo kwanza. Humtazama meno, humtembeza. Lakini udaktari, ambao ni kazi ya maisha na ni miongoni mwa masomo ghali kupita yote vyuoni, twamtia ndani yake kijana wa miaka 18 ambaye hajautazama hata kwa siku moja.

Hilo si kosa lake. Nchini Kenya nafasi za kusomea udaktari hugawiwa kwa alama. Shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, KUCCPS, hutazama gredi za biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na lugha, likajumlisha pointi, basi. Hakuna mahali katika maombi hayo ambapo kijana huulizwa kama anaweza kumkaribia mtu mwenye kidonda kinachonuka bila kukunja uso, au kama anaweza kumwambia mzazi kwamba mtoto wake amefariki.

Kwingineko mambo ni tofauti. Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, fomu ya maombi ina sehemu ya kueleza muda ambao mwombaji aliutumia akimfuata daktari kazini, na asiye na la kuandika hapo huanza akiwa nyuma ya wenzake. Uingereza wanafunzi huanza udaktari baada ya sekondari kama kwetu, ila vyuo huwaita kwa mahojiano na kuwauliza waliona nini na walijifunza nini walipokuwa miongoni mwa wagonjwa. Huko si lazima iwe hospitali. Kijana aliyewahudumia wazee katika makao yao ana la kusema vile vile.

Wenzetu hao huliita jambo hili kuwa kivuli cha daktari. Sisi wa pwani tulikuwa na neno letu tangu kale, nalo ni mkoba. Aliyetaka kuwa mganga alimbebea mganga mkuu mkoba wake wa dawa, akaandamana naye porini kuchimba mizizi na majumbani kwa wagonjwa, akatazama na kunyamaza, miaka na miaka, hata siku mkubwa wake aliporidhika akamkabidhi mkoba huo uwe wake. Mimi sikusomea tiba za aina hiyo wala sizipigii debe hapa. Lakini ule utaratibu wa kumfuata fundi kabla ya kujiita fundi ulikuwa na akili nyingi, na sioni kwa nini tuuache kwa maseremala na manahodha peke yao.

MIEZI YA KUNGOJA

Wakati upo. Mtihani wa KCSE humalizika mwezi wa Novemba, matokeo hutoka karibu na mwanzo wa mwaka, na vyuo huwapokea wanafunzi wapya kuanzia mwezi wa Agosti au Septemba. Hiyo ni miezi tisa hivi, ambayo vijana wengi wa mjini huimaliza wakichezea simu. Sisi tuliofanya mtihani miaka ya 1990 tulingoja zaidi, maana vyuo vya umma vilikuwa na msongamano na aliyefaulu alikaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuitwa. Mimi nilimaliza 1998. Katika kungoja kwangu ndipo nilipopata bahati ya kumfuata tabibu mmoja katika zahanati ndogo ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nitakazozieleza.

Siku ya pili tu nilianguka. Tabibu alikuwa akipasua jipu kwenye paja la mvulana, usaha ukatoka, nami nikasikia masikio yanavuma na macho yanaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, na yule mvulana mwenye jipu ananicheka. Niliona aibu kubwa na nikadhani ndio mwisho wa udaktari wangu.

Jambo hili huwapata wengi, na lina maelezo yake. Mtu akiona damu au kitu cha kutisha, huenda mshipa wa fahamu utokao kwenye ubongo ukauamrisha moyo kupunguza mwendo, na papo hapo mishipa ya damu ya miguuni ikatanuka. Damu hutuama chini, ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache, na mtu akaanguka. Dalili hutangulia: jasho la baridi, kupiga miayo, kichefuchefu, macho kufifia. Ukizisikia usijitie ushujaa. Keti, au ulale chini kabisa na miguu iinuliwe, nawe utarejea sawa baada ya dakika chache. Njaa, joto na kusimama wima muda mrefu bila kusogea huzidisha mambo, kwa hiyo usije kwa daktari asubuhi bila kula chochote. Ikiwa ni Ramadhani nawe umefunga, mwambie daktari mapema akuweke kwenye kiti. Madaktari wapasuaji wengi waliwahi kuanguka walipokuwa wanafunzi, na mwili huzoea.

SIRI YA MGONJWA

Jambo la pili lililonipata katika zahanati ile halikuwa la kuchekesha, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Alikuja mtu mzima mmoja aliyekohoa majuma mengi na kukonda. Makohozi yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Tabibu akamweleza vizuri, akamwanzishia dawa, ambazo wakati ule zilimezwa kwa miezi 8. Siku hizi, kwa kifua kikuu cha kawaida, ni miezi 6. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni kama kawaida yangu. Jioni ile, barazani, rafiki yangu aliniuliza leo nimejifunza nini huko, nami kwa kujiona daktari nikaeleza yote. Jina sikulitaja. Nilisema tu ni yule mwenye duka karibu na kisima.

Siku ya Ijumaa hakuna aliyenunua sukari kwake. Wiki iliyofuata hakuja kuchukua dawa. Tabibu aliponiuliza kama nina habari nilikana kwanza, kisha nikakubali. Hakunipigia kelele. Alivua koti lake, akaniambia tufuatane, tukaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mtu ili nimwombe radhi. Alifungua mlango nusu, akanisikiliza, akaufunga. Mwezi haujaisha akahama mji na watoto wake, na hadi leo sijui kama alizimaliza dawa zile mahali pengine au la. Kifua kikuu kilichoachwa katikati ya dawa huweza kuua, na huweza kurudi kikiwa sugu.

Sheria siku hizi zimekaza zaidi kuliko wakati ule. Sheria ya Afya ya 2017 inamlinda mgonjwa asitolewe habari zake bila idhini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile za siri zaidi, na kuhusu virusi vya UKIMWI kuna sheria yake peke yake ya 2006. Lakini sheria haikai barazani na vijana. Muyeye ni mtaa ambao nyumba zimebanana, mlango kwa mlango, na yule anayekuja kliniki kwa jambo lake la aibu huenda ni mamake rafiki yako, mwalimu wako wa madrasa, au dereva wa bodaboda anayekupeleka sokoni.

Kwa hiyo katika chumba changu mambo huenda hivi. Kijana huketi nje. Mimi huingia na mgonjwa peke yetu, nikamwambia: "Nje kuna kijana anayejifunza kazi hii. Ukitaka aingie ataingia, usipotaka hataingia, na matibabu yako ni yale yale." Mgonjwa hujibu akiwa hana mtu wa kumwonea haya. Kumwuliza mgonjwa ruhusa wakati kijana tayari amekaa kitini na daftari lake si kuuliza. Ni nani katika hali hiyo atakayesema hapana? Wengi hukubali, hasa wazee, ambao hupenda kuwa na msikilizaji zaidi. Wanaokataa, wamekataa, na kijana hapaswi kununa.

Pili, kijana akimtambua mgonjwa aliye kwenye benchi, hata kwa sura tu, huniambia, naye hukaa nje mpaka mgonjwa huyo aondoke. Tatu, kuna mambo ambayo mwanafunzi hayaingii kabisa hata mgonjwa akiwa radhi: uchunguzi wa sehemu za siri, majibu ya vipimo vya UKIMWI, watu waliodhulumiwa kimwili, na wasichana wa shule walioshika mimba, ambao katika kaunti yetu ya Kilifi si wachache. Vivyo hivyo wale wanaojinasua kutoka kwenye dawa za kulevya. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni tangu 2015, na kila mzazi wa mji huu anajua ni wanyonge kiasi gani wanaopanga foleni pale. Si mahali pa kwenda kutazama.

Na simu hubaki kwenye droo yangu hadi jioni. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumwona kijana, si wangu, ambaye alijipiga picha na koti jeupe akaiweka kwenye WhatsApp, na nyuma yake alionekana mama mmoja kitandani akitundikiwa maji.

ASUBUHI MOJA KLINIKI

Sasa kijana huyo aliyeruhusiwa kuingia ataona nini? Wengi huja wakitarajia damu na visu. Watakachokiona zaidi ni mazungumzo.

Chukua asubuhi ya kawaida. Anaingia mama na mtoto mwenye homa. Tunamtoboa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu baada ya dakika 15 hadi 20, na jibu ni kwamba hana malaria. Mama anakasirika. Ameacha kibarua chake kuja hapa, na kwake homa ni malaria, na malaria ina dawa. Hapo ndipo mwanafunzi afungue macho. Aangalie daktari anavyomtafuta tena ugonjwa kwenye masikio, kooni, kifuani na kwenye mkojo, huku akimtuliza mama bila kumdharau, na bila kumpa dawa ya malaria ili tu aondoke. Kazi nzima ya udaktari wa mtaani imo katika robo saa hiyo.

Anafuata mzee wa presha. Vidonge aliviacha miezi mitatu iliyopita kwa sababu alijisikia vizuri. Kumweleza mtu kwamba presha haiumi na ndiyo sababu ni hatari, tena kwa Kiswahili chepesi au kwa Kigiriama, ni kazi ngumu kuliko kushona jeraha. Nina miaka kadhaa katika kazi hii na bado mara nyingine nashindwa. Kijana akiniona nashindwa, vema aone.

Kisha bibi mwenye kisukari, na mguu uliofungwa kitambaa. Kabla kitambaa hakijafunguliwa, chumba kizima kimeshajua. Kisukari kinapokuwa juu kwa miaka mingi huua hisia za miguuni, hivyo mtu hukanyaga mwiba au kigae asijue, na kidonda huoza taratibu bila maumivu. Hapo huwa siangalii mguu peke yake. Namtazama pia mwanafunzi wangu usoni. Bibi naye anamtazama. Mtu aliyekuja na aibu yake akiona kijana ameziba pua, hatarudi, na mguu utakatwa. Sijawahi kuona shule inayofundisha uso kutulia. Hujifunzwa kwa kukaa karibu.

Baadaye huja makaratasi. Tangu Oktoba 2024, SHA iliposhika nafasi ya NHIF, sehemu ya siku yangu ni kuwaeleza watu kama wamesajiliwa, wamelipiwa nini na hawajalipiwa nini. Kuna simu za kutafuta kitanda katika hospitali kubwa, kuna dawa iliyokwisha, kuna cheti cha ruhusa ya kazini kwa mhudumu wa hoteli ambaye hana ugonjwa wowote ila amechoka. Haya hayaonyeshwi kwenye televisheni, lakini yanakula saa nyingi kuliko yale yanayoonyeshwa.

Mwanafunzi awe na daftari dogo. Aandike maswali, si majina. Aniulize mgonjwa akishatoka, wala si mbele yake. Siku moja haitoshi kwa sababu siku ya kwanza mtu huona vitu tu, haoni watu. Wiki mbili au tatu ni kipimo kizuri, na kama anaweza, agawanye: siku chache kliniki, siku chache na muuguzi, siku chache aone kazi ya maabara.

TAZAMA, USIGUSE

Liko jambo ambalo wazazi hawalijui na linaniudhi sana. Ziko kliniki za kibinafsi ambazo humpokea kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa jina la kujifunza, na baada ya wiki mbili anadunga sindano, anatoa dawa, na usiku anaachiwa kliniki peke yake huku mwenyewe amelala. Mzazi hufurahi: mwanangu ameshakuwa dakta. Huyo si dakta. Anavunja sheria ya matabibu, Sura ya 253, na aliyemwachia kazi hiyo ameivunja zaidi, na mgonjwa anayedungwa hajui. Mwanafunzi wa kweli wa kumfuata daktari hamgusi mgonjwa, hashiki sindano, hatoi ushauri hata kwa jirani. Akiambiwa afanye, akatae na aondoke.

Kwa usalama wake mwenyewe, ajue kunawa mikono kabla na baada ya kila chumba, avae viatu vilivyofunika vidole, na asisogee karibu na kisanduku cha sindano zilizotumika. Kwa bahati mbaya akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, na aseme pale pale, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa upesi iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 72. Anayeficha kwa kuogopa kugombezwa anajiangamiza. Kuhusu homa ya manjano ya ini aina ya B, vijana wengi waliozaliwa Kenya baada ya 2001 walichanjwa wakiwa wachanga, kwa kuwa chanjo hiyo iliingizwa katika zile za kawaida za watoto mwishoni mwa mwaka huo. Asiye na uhakika anaweza kuchanjwa mara tatu, katika muda wa miezi 6. Wodi ya kifua kikuu si ya wanafunzi wa namna hii.

PA KUOMBEA

Mahali rahisi ni kwa daktari au tabibu anayeijua familia yenu. Nenda mwenyewe, kijana, si baba yako akuombee, na uwe na barua fupi yenye kusema wewe ni nani, umesoma wapi, unataka siku ngapi na kwa nini. Hospitali za umma ziko chini ya serikali za kaunti tangu 2013, kwa hiyo barua yako ielekezwe kwa msimamizi wa hospitali, nawe uambatishe barua ya shule na, kama hujafika miaka 18, idhini ya mzazi. Uliza kabisa kama kuna ada na masharti. Usife moyo ukikataliwa. Wodi zetu tayari zina wanafunzi wa vyuo, na kitanda kimoja kikizungukwa na watu kumi, mgonjwa hana raha.

Kilifi mjini kuna nafasi ya namna nyingine. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, zina kituo kikubwa pale tangu 1989, na kwa miaka kadhaa sasa kituo hicho kimekuwa na mpango wa kuwachukua baadhi ya waliofanya vizuri katika KCSE kutoka shule za kaunti hii ili wakae nao kabla ya kwenda chuoni. Huko mtu huona zaidi utafiti kuliko chumba cha daktari, na nafasi hushindaniwa, lakini kijana wa Kilifi asiyejaribu amejinyima.

Tena kuna njia ambayo watu huidharau. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa nchi nzima mwaka 2023, hupita nyumba hadi nyumba wakipima presha, wakiuliza chanjo za watoto na kuwafuatilia waja wazito. Kufuatana na mmoja wao kwa wiki moja, kwa ruhusa ya kituo cha afya na ya wenye nyumba, kutakuonyesha maradhi yanapoanzia: kisima, jikoni penye moshi, chumba kimoja cha watu saba. Msalaba Mwekundu nao hufundisha huduma ya kwanza, na ujuzi huo, tofauti na mwingine wote niliousema, unaruhusiwa kuutumia mara moja.

Wanaoufuata mtaala mpya wa umilisi, ambao wa kwanza wao waliingia gredi ya 10 Januari 2026, watachagua mkondo wa masomo mapema kuliko ndugu zao wakubwa walivyochagua. Kwao likizo mbili za gredi ya 9 zingetumika vizuri kwa jambo hili, hata kama ni kwa siku tatu tu.

MUULIZE NA MSHAHARA

Ukishaketi na daktari, usiogope kumwuliza yale ambayo mzazi wako hangethubutu. Analala saa ngapi? Watoto wake huwaona lini? Alilipwa lini mara ya mwisho? Masomo ya udaktari huchukua miaka 5 au 6, kutegemea chuo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Madaktari wa umma waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wakagoma tena 2024 kwa majuma kadhaa, na sehemu kubwa ya ugomvi wa mara ya pili ilikuwa ni madaktari wapya waliomaliza masomo na kukaa nyumbani bila kupangiwa hospitali, na malipo yao. Anayetaka kusomea nchi za nje ajue kwamba akirudi atafanyiwa mtihani na baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kuanza mwaka huo wa mafunzo. Sisemi haya kuwatisha. Kijana akiyajua na bado anataka, huyo twamtaka sana.

Na akiyajua asitake, si hasara. Niliwahi kuwa na mvulana mwenye alama A aliyekaa nami siku tatu, ya nne hakuja. Alipopita baadaye kunisalimu aliniambia kwa upole: "Daktari, mimi siwezi. Nikirudi nyumbani siwezi kula." Sasa anasomea upimaji wa ardhi na anafurahi. Babake hakunipa salamu kwa miezi mingi. Wengine hugundua kwamba walichokipenda ni kazi ya muuguzi, ambaye hukaa na mgonjwa muda mrefu kuliko mimi, au ya tabibu, au ya maabara, ambazo KMTC hufundisha kwa ngazi ya diploma kwa miaka 3 hivi na kwa gharama ambayo haihitaji kuuza kiwanja.

Yule binti wa muuza samaki alikaa wiki tatu. Wiki ya kwanza aliandika maswali 40 na kitu, mengi yao kuhusu majina ya dawa. Wiki ya tatu aliandika machache, na moja lilikuwa: "Kwa nini ulinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kumjibu yule mzee?" Siku moja aliinuka mwenyewe na kutoka nje kabla sijasema kitu, maana aliyeingia alikuwa jirani yao. Mguu wa yule bibi aliuona ukifunguliwa mara tatu.

Fomu yake aliijaza udaktari. Kiwanja bado hakijauzwa, wanangoja kujua watapata mkopo na ufadhili kiasi gani. Juzi nilikutana naye sokoni na mamake, akanishikia shikamoo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, yule bibi wa mguu, alipona?"

Nikamwambia, mwanangu, humo tena chumbani, hilo siwezi kukujibu.

Akacheka, akafunika mdomo kwa leso. "Nimesahau, daktari," akasema.